Sura ya Sita: Mwizi Aliyepangusa Vumbi

Inspekta Phelista Nekesa alikuwa ameona nyumba nyingi zilizovunjwa, lakini hii ya Bwana Munene, pale Milimani mjini Kitale, ilikuwa ya kwanza kuibiwa kwa adabu. Mlango ulikuwa mzima. Madirisha yalikuwa mazima, na yalikuwa makubwa hivi kwamba mwizi mvivu angeyapita bila hata kuinama. Televisheni pana kama kitanda ilikuwa ukutani, ikionyesha mahubiri bila sauti. Kilichopotea ni kitu kimoja tu, bakuli la mti.

"Si bakuli," alisema Kiragu, msanifu aliyeichora nyumba hiyo. Alivaa suruali iliyoishia juu ya vifundo na miwani ya fremu nene, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Ukiita bakuli unaiua, Madam. Ile ni roho ya hii nyumba."

"Roho hiyo ina upana gani?" Phelista aliuliza, kalamu mkononi.

Kiragu akatanua mikono kama mtu aliyebeba boga la mashindano.

Bwana Munene hakuwa na subira na mambo ya roho. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mwenye maghala kule Moi's Bridge, na alizoea mazungumzo yanayoishia kwenye mizani. "Afande, wacha hizo. Mimi najua imeenda wapi. Jumamosi tulikuwa na wageni kutoka Bungoma. Wakakuja, wakakula, wakaenda. Jumapili tukiamka, bakuli hakuna. Hiyo hesabu hata mtoto wa nasari anafanya."

"Wageni gani?"

"Wakwe," alisema Munene, na neno lilimtoka kama mchanga aliouma kwenye githeri.

Binti yake, Nyambu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, macho yamemvimba. Ndiye aliyeposwa na Tonny, mwalimu wa hesabu wa Bungoma, na harusi ilikuwa Desemba. Kanisa lilikuwa limeshapatikana, na hata keki ilikuwa na mwokaji.

"Baba, usianze," alisema.

"Nilianza kitambo! Nimesema na narudia mbele ya serikali: hiyo bakuli ikipatikana kwa watu wa Tonny, hakuna harusi. Siwezi kuoza mtoto kwa watu wanakuja kuona bibi harusi na wanaangalia vyombo." Kisha jambo likamjia. Akamtazama Phelista kwa jicho la pembeni. "Na wewe Afande, kwenu ni wapi?"

"Tongaren. Bungoma hiyo hiyo."

Mhubiri wa televisheni aliendelea kurusha mikono.

"Sikusema wote," alisema Munene.

Phelista alifungua daftari. Alianza kuikagua sebule polepole, kama alivyofunzwa, kuanzia mlangoni kuelekea kulia. Kuta zilikuwa za saruji tupu, isiyopakwa rangi, na yeye angeapa fundi aliondoka kabla ya kumaliza. Sakafu ilikuwa ya kijivu. Lakini katikati palitandikwa mkeka mkubwa wa rangi ya udongo mwekundu, na hapo ndipo macho yalipopumzika. Kando ya ngazi kulisimama chungu cheusi kirefu kutoka Nairobi, ambacho Kiragu alikuwa amekataza mtu yeyote kukikaribia akiwa na kikombe cha chai. Na kila kochi, kila mkono wa kochi, kila mgongo wa kochi, ulikuwa umevishwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa kulabu.

"Hivi navyo ni vya msanifu?" aliuliza.

Kiragu alifumba macho. "Hivyo ni vya Shosho, mama yake Munene. Nikitoa asubuhi, jioni vimerudi. Tumepigana nusu mwaka na nimeshindwa."

"Na bakuli lilikaa wapi?"

Akamwonyesha. Katika ukuta wa mwisho kulikuwa na shubaka, na juu yake kabisa, darini, tundu la duara lenye kioo. Mwanga wa jua ulishuka moja kwa moja hadi ndani ya shubaka.

"Bakuli lilikuja kwanza," alisema Kiragu, na sauti yake ikalegea. "Nililipata kwa mchongaji mmoja kule Mlima Elgoni. Mzizi wa mti uliopigwa na radi, umepasuka upande mmoja. Nikakaa nalo mezani miezi, ndiyo nikachora nyumba kulizunguka. Watu wanafikiria nyumba ni kuta. Ukuta wangu ni baridi kwa makusudi, ndiyo mkeka uonekane una joto. Ukitoa mkeka, hii ni stoo. Ukitoa bakuli, hilo tundu juu ni tundu tu. Na Ijumaa mpiga picha wa gazeti la nyumba anatoka Nairobi kuja kupiga picha. Apige nini? Shimo?"

Phelista alitazama juu. Kweli, bila kitu cha kuangaziwa, paa lilionekana kama linalosubiri kipande cha bati. Akajisikia kumwonea huruma, jambo ambalo halikumpata mara nyingi kwa watu wenye suruali fupi.

Lakini shubaka halikuwa tupu. Ndani yake kulikuwa na gilasi yenye maua ya plastiki, mekundu na ya manjano, juu ya kitambaa kidogo cheupe.

"Haya maua ni ya nani?"

"Ya Kiragu," alisema Munene. "Nilidhani ndiyo mambo ya kisasa."

"Yangu mimi!" Kiragu alishika kifua. "Plastiki! Nilidhani ni wewe umeweka. Nikanyamaza tu kwa heshima."

Phelista aliinua gilasi na kitambaa chake, akapitisha kidole ndani ya shubaka, akakitazama. Kisha akapitisha kidole kwenye rafu ya vitabu iliyo jirani. Kidole cha kwanza kilikuwa safi na kilinukia sabuni ya kufulia. Cha pili kilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mahindi.

"Msichana wenu wa kazi yuko?"

"Ako kwao, likizo, tangu wiki iliyopita."

"Basi mna mwizi wa ajabu. Amechukua bakuli, akapangusa mahali pake kwa sabuni, akawaachia maua. Mwizi hapangusi vumbi, Bwana Munene."

"Mwizi wa Bungoma je?"

"Hata wa Bungoma."

Munene alifikiri kidogo, kisha akapata pa kutupia lawama nyingine. Jumamosi hiyo hiyo kulikuwa na mtu aliyekata ua, mmoja anaitwa Hesbon, anaishi Kipsongo, mtaa wa mabanda. Phelista alipumua. Katika miaka yake yote Kitale, hakuna kitu kilichowahi kupotea Milimani bila mtu kusema kimeenda Kipsongo. Lau ingekuwa kweli, Kipsongo ingekuwa mtaa wa makochi ya ngozi. Hata hivyo upelelezi ni upelelezi, akaenda.

Alimkuta Hesbon akinoa panga nje ya chumba chake, na panga likawekwa chini upesi alipoona ni nani anayekuja.

"Ile kitu ya mti?" Hesbon alisema. "Afande, mimi nilifikiria ni ya kunyweshea mbwa maji. Nitaiba hiyo nipeleke wapi? Mimi hata mbwa sina."

"Uliona wageni wakiondoka?"

"Niliwaona, si hata niliwasaidia kubeba. Walipewa ndizi, nikaweka kwa buti. Ilikuwa nzito, bana."

"Ndizi zilikuwa kwenye gunia?"

Hesbon alikuna kichwa. "Sikuona ndani. Ilikuwa imefunikwa na kitambaa kubwa nyeupe. Ile ya mashimo-mashimo. Lakini chini ilikuwa ngumu, na ya mviringo. Ilinigonga hapa." Akainua shati, akaonyesha mbavu.

Phelista alirudi kwenye gari na kukaa humo kidogo kabla ya kuliwasha. Ndizi, mviringo, kitambaa. Akakumbuka sebule. Makochi yote yalikuwa yamevishwa, hata kile kistuli cha miguu. Lakini meza ya katikati, ambayo katika kila sebule ya kina mama wa rika la Shosho ndiyo huvaa kitambaa kikubwa kuliko vyote, ilikuwa uchi.

Hakupitia mlango wa mbele safari hii. Alizunguka hadi jikoni.

Shosho Wangui alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya nduma, miguu imenyooka mbele yake. Hakuna aliyekuwa amemhoji. Mwanawe alimwambia asijisumbue na mambo ya polisi, na msanifu alikuwa anamwogopa.

Phelista alimwamkua kwa mikono miwili, akavuta kiti, akachukua kisu cha pili na kuanza kumenya. Baada ya nduma kadhaa ndipo alipotazama nyuma ya mlango. Pale kwenye msumari kilining'inia kikapu cha fito chenye mfuniko, cha aina ambayo kwao Tongaren hubebewa kuku. Sasa kilikuwa na vitunguu.

"Shosho, hiki kikapu ni cha nani?"

"Ni ya mama ya Tonny. Walileta kuku nayo."

"Mbona imebaki hapa?"

Shosho alimwangalia kama anayemhurumia mtu aliyelelewa bila mama. "Kwani kwenu mnarudisha chombo ya mtu siku hiyo hiyo? Ukirudisha leo, ni kama umesema tumemalizana, enda. Yake inakaa kwangu. Yangu inaenda kwake. Ndiyo akuwe na sababu ya kurudi."

"Na yako ilikuwa gani?"

"Si ile karai ya mti, yenye imepasuka." Shosho aliendelea kumenya. "Kitu ilikuwa inakaa hapo kwa ukuta mbele ya wageni, tupu! Hata ndizi moja ndani hakuna. Mtu ataona aseme hii boma iko na njaa. Nikajaza ndizi. Nikafunika na kitambaa yangu ya meza, ndiyo wasione imepasuka. Halafu nikaosha pale, nikaweka maua, ndiyo kusikae uchi."

"Shosho, mbona hukuwaambia? Wametafuta tangu Jumapili, na leo ni Jumatano."

"Nani ameniuliza? Wanauliza watu wa Kipsongo."

Phelista aliweka kisu chini. Kesi ilikuwa imeisha, na ndipo taabu ilipoanza. Nyambu alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote.

"Auntie," alisema kwa sauti ya chini, "baba ameapa mbele ya kila mtu. Na sasa bakuli iko kwa kina Tonny."

"Lilitolewa zawadi. Nitamwambia."

"Atasema sawa, basi irudishwe. Atatuma mtu aende kuichukua. Mama Tonny akiona mtu amekuja kudai chombo, ataelewa nini? Ataelewa tumemkataa." Machozi yakaanza tena. "Ukisema ukweli harusi imekufa. Ukinyamaza, baba atasema wameiba, bado imekufa."

Phelista alikuwa ameshika majambazi wenye silaha na hakuwahi kukwama hivi. Alimtazama yule msichana, akaona anampenda Tonny wake kwa dhati, akaona pia kwamba hapa sheria haina msaada wowote.

"Mimi sijamwambia mtu kitu," alisema mwishowe. "Kesho naenda Bungoma. Naenda kuamkua watu."

Nyumba ya Roselyne, mama yake Tonny, ilikuwa nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa Kanduyi, ya matofali na mabati. Hakuna msanifu aliyewahi kuikanyaga. Lakini Phelista alipoingia alisimama mlangoni akatazama, kwa sababu maneno ya Kiragu yalikuwa yamemharibu macho. Kabati la vikombe vya wageni lilikaa mahali ambapo mwanga wa dirisha ulivipata. Kalenda za kanisa zilifuatana ukutani kwa miaka, rangi kwa rangi. Vitambaa vilikuwa vya samawati, na pazia lilikuwa na samawati hiyo hiyo. Mtu alikuwa amefikiri humu ndani.

"Kalibu, kalibu sana mama," alisema Roselyne, mwanamke mnene mwenye cheko la karibu. "Lakini usikanyage hapo kwa kona, kuna mgonjwa."

Kwenye kona, juu ya gunia lililokunjwa, lilikuwa bakuli la mzizi uliopigwa na radi. Ndani yake, amelijaza hadi kingoni, alikuwa kuku mwekundu, na alimtazama Inspekta kama mtu aliyeombwa hati ya nyumba yake.

"Hiyo ni chombo ya wakwe wangu wa Kitale," Roselyne alieleza. "Siwezi kuludisha mikono mitupu, si ndiyo? Nikasema nitawapatia kuku. Sasa huyu alikuwa ameanza kulalia mayai kwa boksi, nikamjalibu humu nione kama ataenea. Akakataa kutoka! Nafikili anapenda ule ufa, unamletea hewa."

Phelista alikula kwanza, maana angekataa angeitwa mgonjwa wa pili. Ugali ulikuja, na kuku mwingine ambaye hakuwa na bahati ya bakuli, na mboga ya kienyeji. Alinawa, akashukuru, ndipo akasogea.

"Mama, Shosho wa Kitale angefurahi kukuona. Hata kesho. Mimi nina gari."

Cheko la Roselyne likazimika. Aliangalia gari pale nje, kisha viatu vyeusi vya mgeni wake. "Wewe ni polisi. Tonny alisema kuna polisi anakuja kwa kina Nyambu." Sauti ikapungua. "Walifikilia tumeiba?"

Katika kazi yake Phelista alikuwa amedanganywa na watu wengi, na yeye mwenyewe alijua kudanganya kidogo panapohitajika. Lakini mbele ya mama huyu alishindwa.

"Mimi leo si polisi. Mimi ni mtoto wa Tongaren mwenye gari," alisema. "Na Shosho aliniambia kwa mdomo wake: chombo yake iko kwako ndiyo uwe na sababu ya kurudi. Ndivyo alisema, mama. Hakuna neno lingine la Shosho."

Roselyne aligeukia kona.

"Na kuku?"

"Aje na mayai yake."

Ijumaa asubuhi barabara ya kwenda Kitale ilishuhudia gari la Inspekta likienda mwendo wa msafara wa mazishi. Bodaboda zilipiga honi. Lori la miwa liliwapita kwa dharau. Kila tuta Roselyne, aliyepakata bakuli kiti cha nyuma, alisema "pole pole mama, kuna watoto," na kuku akanung'unika.

Munene alikuwa kwenye ngazi za mbele, amepanua miguu. Nyuma yake walisimama Kiragu na mpiga picha wa Nairobi aliyekuwa akitazama saa. Nyambu alikuwa dirishani. Munene alimwona Roselyne akishuka, akaona kilicho mikononi mwake, na shingo yake ikavimba.

"Kwa hivyo ilikuwa kwenu—"

Kigelegele kilimkata. Kilitoka upande wa jikoni, kirefu, chembamba, na nyuma yake akaja Shosho Wangui mbio kuliko magoti yake yalivyoruhusu.

"Munene! Kuja uone! Mama Tonny amerudisha chombo yangu! Na amejaza, amejaza na uhai!"

"Chombo yako?" Munene alisema.

"Mimi ndiyo niliwapa Jumamosi. Kwani ni ya nani, na iko kwa nyumba ya mtoto wangu?"

Munene aligeuka. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amemkumbatia Roselyne, bakuli, kuku na yote. Alimtazama Inspekta, naye Inspekta alikuwa anachunguza mawingu. Alimtazama Nyambu dirishani, na hapo akakumbuka kiapo chake, na akaona kiapo hicho kilikuwa kinamshtaki nani. Mtu ambaye hajawahi kushindwa kwenye mizani yoyote ya Moi's Bridge alishuka ngazi, masikio yakimwaka kwa aibu.

"Karibu nyumbani, Mama Tonny," alisema mwishowe, akampokea bakuli kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo.

Ndani, Kiragu aliondoa maua ya plastiki na Munene akaweka bakuli shubakani. Kiragu alinyoosha mkono amtoe kuku, akadonolewa, akaurudisha. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa, na akasimama.

Jua lilikuwa limefika kwenye tundu la paa. Mwanga ulishuka juu ya mgongo mwekundu wa kuku, ukapita kwenye ukingo wa mti, ukaingia ule ufa. Saruji tupu nyuma yake ikaonekana, kwa mara ya kwanza, kama ukuta wa nyumba ya watu.

"Mwaka mzima nimejua kuna kitu kinakosekana hapo," Kiragu alinong'ona. "Nilidhani ni taa."

Shosho alipita mbele yake na kuzungushia bakuli kitambaa chake kikubwa cha meza, alichorudishiwa kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi. Kiragu alivuta pumzi ili apinge. Akamtazama kuku, akaiachia. Mpiga picha alikuwa ameshaanza kazi.

Jua lilipoanza kuinama Roselyne aliaga. Shosho alisimama katikati ya sebule, akatazama kulia, akatazama kushoto, na Phelista, ambaye macho ya watu ndiyo yalikuwa kazi yake, aliyafuata macho yake hadi yalipotua. Yalitua kando ya ngazi, kwenye chungu cheusi cha Nairobi.

Kiragu naye aliona. "Hapana," alisema. "Shosho, tafadhali. Hicho hapana."

Munene alipita katikati yao. Aliinama, akakikumbatia chungu, akakiinua kwa kishindo cha pumzi, akakibeba hadi miguuni pa mama yake. Nyambu alikuwa mlangoni, mikono mdomoni. Kiragu aliketi kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Jaza, mama," alisema Munene. "Jaza sana. Ndiyo warudi."